Mwalimu Bonaventura Margwe Hakuiba

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mlioketi upande wa kulia, shikamooni, na ndugu zetu mliotoka Katesh na Dongobesh, asalaam aleikum. Mimi ni Genoveva Margwe, dada yake marehemu, wa kwanza kuzaliwa katika nyumba hii, na kikao cha familia cha jana kimenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu kabla hatujamsindikiza pale nyuma ya zizi alikolala baba. Karatasi niliyopewa na kikao ni ya ukurasa mmoja, imepigwa chapa vizuri, na sehemu ya kazi yake ina mistari miwili tu, wa pili ukisema kwamba mwaka huu marehemu alipumzika kazi kwa sababu za kiafya. Sababu za kiafya, eti! Baba mdogo Pascal, shikamoo, unisamehe mbele ya watu, najua ulisema tusiwaudhi wageni, lakini mstari ule nimeukata kwa kalamu, na hizi kurasa nyingine nimeziandika mwenyewe kwa mkono, na nitazisoma zote, anayeona jua kali asogee chini ya turubai.

Mwalimu Bonaventura Margwe Qamara alizaliwa tarehe 11 Machi 1983, hapa hapa Tlawi, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa marehemu mzee Margwe Qamara na mama yetu Efrazia, ambaye yuko hai, ameketi pale mbele na shuka lake jeusi, naye mtoto akabatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 3 Aprili ya mwaka huo huo. Alikuwa mtoto mkimya, mbishi, asiyejua kuimba, na tangu alipojua kushika mkaa aliandika ukutani jikoni kila kitu cha nyumba hii, kuku wangapi, ng'ombe gani kazaa na lini, mvua ya kwanza imenyesha siku gani, mama akifuta yeye anaandika tena, mpaka baba akasema mwacheni, angalau kuna mtu mmoja hapa anayekumbuka.

Alianza Shule ya Msingi hapa Tlawi mwaka 1991 akamaliza mwaka 1997, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni Mbulu mjini, ambako alisoma kuanzia mwaka 1998 hadi 2001, kisha akaenda Babati kwa kidato cha tano na cha sita, mwaka 2002 hadi 2004, akichukua fizikia na hisabati, halafu akajiunga na chuo cha ualimu Singida na kuhitimu stashahada mwaka 2006. Huko chuoni ndiko alikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, wanachuo sitini na mashine mbili, na alirudi likizo akaniambia kwamba kwa muhula mzima ameigusa kwa dakika kumi na moja, alizihesabu, na kwamba akipata kazi hakuna mwanafunzi wake atakayeguswa na aibu hiyo.

Aliajiriwa Januari 2007 na kupangiwa Dongobesh, akafundisha fizikia huko kwa miaka tisa, na kila likizo alikuwa akiteremka Katesh kukaa kwenye duka la fundi wa simu na kompyuta, Muksini Hasani, ambaye yuko hapa na mkewe Sauda, wameondoka kwao alfajiri. Muksini alimfundisha kazi bila kumtoza kitu, naye akamfundisha fizikia binti wa Muksini, Farida, mpaka binti akapasua mtihani, na urafiki wao ulikuwa wa kugombana, kwa sababu marehemu hakumruhusu Muksini kula karanga juu ya meza yenye mashine iliyofunguliwa. Mdogo wangu kwa habari ya vumbi na makombo alikuwa anachosha, jamani, tuseme ukweli, hata hapa kwangu alikuwa akiingia tu anapuliza redio.

Kuanzia mwaka 2010, shule zikishafungwa mwanzoni mwa Desemba, wenzake wakirudi makwao kupanda mahindi na maharage, yeye alifunga begi lake nyuma ya bodaboda, ndani mna bisibisi, blowa, brashi za rangi ambazo hazijawahi kuona rangi, flashi za kuhifadhia kazi za walimu, na kaunta buku, akazunguka shule za Mbulu na Hanang zenye kompyuta, nazo wakati ule zilikuwa chache. Alitoa mashine moja moja barazani, akaifungua, akapuliza vumbi, akasafisha virusi, akajaribu kila waya, akaandika hali yake, kisha akakaa na walimu waliobaki kupanga mwaka unaokuja, mashine ipi itasukuma mwaka mwingine na ipi inakaribia kufa, kidato gani kitaingia chumbani siku gani, nani atashika ufunguo. Alikuwa akisema Januari shule zikifunguliwa kuna kelele za ada, sare na madawati, hakuna atakayekumbuka mashine, kwa hiyo kama hukupanga Desemba basi hukupanga. Mimi sikuelewa nusu ya mambo hayo, lakini nilielewa kwamba mwanaume mzima anaacha shamba lake mvua ikinyesha ili apulize vumbi la watu, na nilimgombeza sana.

Tarehe 18 Juni 2011 alifunga ndoa takatifu hapa parokiani na Lucia, mke mvumilivu, ambaye Desemba zote hizo alipanda shamba peke yake, na Mungu akawajalia watoto watatu, Violeth mwaka 2012, Abel mwaka 2015, na Efrazia mdogo mwaka 2020. Ndoa yao ilikuwa tulivu. Kama kulikuwa na ugomvi sisi hatukuitwa kuusuluhisha, na hilo nalisema kwa heshima ya Lucia.

Januari 2016 alihamishiwa Hanang, Sekondari ya Gidamweri, upande wa Basotu, karibu na mashamba makubwa ya ngano, na hapa ndipo karatasi ya kikao inaponyamaza na mimi ninapoanza.

Tarehe 9 Agosti 2018 shule hiyo ilipokea kompyuta ishirini na nne kutoka kwa wafadhili, mpya, ndani ya maboksi yake, na marehemu alinipigia simu akicheka kama mtu aliyepata mtoto, akasema dada, ishirini na nne! Zikaingizwa stoo, jirani na magunia ya maharage ya wanafunzi, zikakaa zikimsubiri mgeni rasmi. Mnajua ninachosema, kwetu kitu kipya hakiguswi mpaka aje mtu mkubwa akate utepe, liwe bomba, liwe darasa, kiwe choo, na mgeni rasmi yule aliahirisha mara tatu, mbuzi walionunuliwa kwa ajili yake wakazaa, mwaka mmoja na miezi miwili ukapita, kidato cha nne kizima kikamaliza shule kikiwa kimeyaona maboksi kwa dirishani tu.

Mgeni alifika tarehe 17 Oktoba 2019, akakata utepe, akapiga picha na mwanafunzi aliyeweka vidole kwenye kibodi ya mashine ambayo haikuwa imechomekwa hata kwenye umeme, akala, akaondoka. Baada ya hapo Mkuu wa Shule, Mwalimu Renatus Tluway, ambaye tunaye hapa, ameketi safu ya pili amevaa suti ya kijivu, karibu sana mwalimu, akatoa amri chumba kifungwe ili mali isiharibike, na ufunguo akauweka mfukoni mwake. Zikafumiwa vitambaa, vyeupe na vya waridi, kila kompyuta na kitambaa chake kama kiti cha sebuleni, na nailoni za kioo hazikubanduliwa ili zionekane mpya. Zikiwashwa, zinawashwa na vitambaa vyake kichwani, zinachemka humo ndani kama sufuria lililofunikwa, na wakati wa kuvuna ngano vumbi linaingia mpaka kwenye meno ya watu, sembuse mashine. Marehemu alieleza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa maandishi, mara ya tatu akavitoa vitambaa mwenyewe, akaambiwa hana adabu kwa akina mama waliofuma.

Mashine zikaanza kufa. Mwaka wa kwanza tatu, wa pili sita, na kila mwisho wa mwaka taarifa iliyotoka shuleni kwenda juu ilisema hivi, kompyuta zilizopo ishirini na nne, zinazofanya kazi ishirini na nne. Mwaka 2020 marehemu ndiye aliyepewa taarifa ile aichape, akachapa huku moyo unamsuta, na mwaka 2021 alipoletewa tena alikataa, akasema hawezi kuandika kwamba maiti inatembea, ikachapwa na mtu mwingine. Mwalimu Renatus, hukutaka ionekane kwamba shule yako imeua mali ya wafadhili, na mimi nakuelewa, kila mtu ana kiti anachokiogopea, lakini uongo ule ulikuwa wako, na aliyeubeba ni huyu aliyelala hapa.

Ilipofika Desemba 2022 zilikuwa zimebaki nzima nane. Marehemu akaenda ofisini kwa mkuu wake, akaomba ruhusa ya kutoa viungo vizima kwenye mashine zilizokufa na kuvipandikiza kwenye zile zinazoweza kupona, na mkuu akamjibu kwa mdomo wake, fanya unavyoona, mwalimu, ilimradi ziwake nyingi. Akafanya kazi siku kumi na moja, barazani, mchana kweupe, walimu wanaokaa nyumba za shule wakipita na ndoo zao za maji wakimsalimia, na mwisho wa siku hizo kompyuta zilizowaka zilikuwa kumi na saba. Saba zilibaki maganda matupu, akazipanga kwenye kona, hakuna hata moja iliyotoka nje ya chumba kile. Namba za mali zilizoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya makasha zilibaki palepale, ila viungo vya ndani vilihama, na kila kilichohama alikiandika. Naisoma kidogo msikie, kaunta buku hii hapa. Diski ya namba 14 imehamia namba 9, pawa saplai ya namba 14 imehamia namba 22, ramu ya namba 3 imehamia namba 20, feni ya namba 3 imekufa, imetupwa. Kurasa sita za namna hiyo, mwandiko ule ule wa ukutani jikoni.

Na nyuma ya kurasa hizo aliandika mpango wa miaka mitatu, kwamba ufunguo ukae ofisi ya walimu, kila kidato kipate vipindi viwili kwa wiki, vitambaa na nailoni viondolewe, likizo mashine ziwashwe kila Jumamosi, kila mwaka shule iombe mashine nne tu ili zisizeeke zote kwa pamoja, na neno la kwanza kabisa, amelipigia mistari miwili, kwamba yale maganda saba yafutwe rasmi kwenye daftari la mali ili pasitokee utata baadaye. Aliandika hivyo mwenyewe, ili pasitokee utata baadaye. Akatoa nakala akampelekea mkuu, mkuu akapokea, akasema litafanyiwa kazi, akaitia kwenye faili, maana kuyafuta maganda saba ni kukiri kwamba zile ishirini na nne hazikuwahi kuwa ishirini na nne.

Kwa miaka miwili mashine kumi na saba zilifanya kazi kweli. Watoto wa wavuvi na wa wafugaji, ambao nyumbani kwao hata taa ya umeme hakuna, walijifunza kuandika barua, kuchora jedwali, kutafuta masomo, na mabinti wawili wa pale ziwani Basotu leo wako chuoni wanasomea mambo hayo hayo, mmoja wao ndiye yule anayelia pale mlangoni. Pole mwanangu.

Tarehe 20 Mei 2025 walikuja wakaguzi wa mali, wageni tu, hawamjui mtu, wakasoma kwenye daftari namba 14, nzima, inafanya kazi, wakaomba waione, wakafungua kasha wakakuta kiota cha panya. Wakamgeukia Mkuu wa Shule wakamuuliza kulikoni, naye akajibu, mimi sifahamu, muulizeni mwalimu wa kompyuta. Maneno sita. Nimeyahesabu kama marehemu alivyokuwa anahesabu, ni sita tu, na kwa maneno hayo sita mdogo wangu alichukuliwa na polisi tarehe 22 Mei mbele ya wanafunzi wake, akakaa mahabusu mpaka tarehe 24, akatolewa bila shtaka lakini na barua ya kusimamishwa kazi, mwalimu wa miaka kumi na minane, mwizi wa kompyuta.

Kaunta buku aliionyesha. Maafisa waliomsikiliza walisema kitabu anaweza kuandika mtu yeyote, lete barua ya mkuu wako ikithibitisha kwamba alijua na aliruhusu, kesi inaisha leo leo. Karatasi moja tu. Mwalimu Renatus akasema ataandika wiki ijayo. Juni ikaisha kwa wiki ijayo, Julai, Agosti, marehemu alikwenda ofisini kwake mara sita, mara yuko kikaoni na pikipiki yake tunaiona pale nje, mara muhuri umefungiwa, mara ngoja kwanza mitihani ipite, danadana za watu wazima. Lucia alikwenda akarudi analia. Tarehe 3 Oktoba nilikwenda mimi, nikapanda basi kutoka hapa mpaka kule, nikapokelewa vizuri, nikapewa soda, nikaambiwa tulia mama, naelewa uchungu wako, Bonaventura ni kijana wangu, wiki ijayo. Na mimi nikanywa ile soda, nikashukuru! Inanichoma kooni mpaka leo.

Na ninyi wengine msidhani mmepona. Walimu mliopita na ndoo mkamwona barazani siku kumi na moja, mlikaa kimya kama maji mtungini, hakuna aliyesimama akasema mimi nilimwona. Pale mnadani Basotu watoto walikuwa wakimwita Kompyuta, wakubwa zao wanacheka, na sokoni Mbulu, kwenye meza yangu ya vitunguu saumu, mteja mmoja aliniuliza kama chini ya gunia sina laptopu ya bei nafuu, na wenzangu tunaouza pamoja wakacheka naye. Mko hapa, mmekuja na khanga zenu, nawaona.

Lakini wa kwanza kuhukumiwa ni mimi, na hili hata kikao hakilijui. Tarehe 25 Mei, Jumapili, siku ya pili tangu atoke mahabusu, alikuja nyumbani kwangu, nikampakulia makande, tukakaa, na mimi dada yake niliyembeba mgongoni nikamuuliza, Bona, hebu niambie mimi ukweli, hukuchukua hata moja? Akaweka kijiko. Akaniangalia, halafu akauliza kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, akaondoka kwenda kukata majani, na tangu siku ile mpaka anakufa hakuongea tena habari za kompyuta ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa nasema nitamwomba msamaha Krismasi, watu wakiwa wengi, iwe rahisi. Nilimkosea, jamani, nilimkosea mtoto wa mama yangu, na sina pa kuurudisha ule mdomo wangu.

Kuhusu kuugua kwake, presha ilimwanza Juni mwaka huu, kabla ya hapo hakuwahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Tarehe 4 Desemba 2025, Alhamisi, shule zikikaribia kufungwa, aliamka asubuhi akalitoa begi lake, akapanga brashi zake, Lucia akamshika mkono akamuuliza unakwenda wapi na wewe umefukuzwa, akajibu mashine hazina kosa, Lucia, vumbi la ngano la mwaka mzima liko humo. Alifika getini Gidamweri saa nne asubuhi. Mlinzi, ambaye namshukuru kwa kuwa amenieleza mwenyewe huku analia, alimwambia mwalimu, nimeagizwa usiingie, wanasema umekuja kuzimalizia. Marehemu hakubishana, yeye aliyekuwa anabishana na kila mtu, aliketi kwenye jiwe pale nje, akaomba maji ya kunywa, na mlinzi aliporudi na kikombe alimkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki.

Alipelekwa kituo cha afya, kisha siku hiyo hiyo hospitali, ikagundulika ni kiharusi, akakaa siku tisa bila kusema neno hata moja, na Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, saa tisa alasiri, Lucia na mimi tukiwa tumemshika huku na huku, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, miezi tisa na siku mbili. Ameacha mama, mjane, ndugu sita na watoto watatu, na huyu mkubwa, Violeth, amemaliza darasa la saba mwaka huu, amefaulu, Januari anaanza kidato cha kwanza, na shule aliyopangiwa ni Gidamweri. Hebu kaeni na neno hilo kidogo. Anakwenda kukaa kwenye darasa la baba yake, kuitwa mtoto wa mwizi, na mkuu wa shule yake atakuwa ni huyu huyu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walifanya walichoweza na walitueleza ukweli, inamshukuru Baba Paroko na jumuiya ndogondogo, majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyokauka hivi, akina mama mliopika tangu Jumapili, Muksini aliyeleta gari lake kutoka Katesh bila kuulizwa, na mlinzi wa getini, aliyemkimbiza kwenye bodaboda akiwa amemkumbatia njia nzima. Karatasi ya kikao inasema niwashukuru pia walimu wenzake wote kwa ushirikiano. Nawashukuru watatu waliofika hospitali, wanajijua, wengine tutashukuriana siku nyingine. Na shada la maua la shule tumelipokea, limeandikwa pengo lako halitazibika, nami nikalisoma asubuhi nikajiuliza pengo hilo lilitobolewa na nani.

Sasa namalizia. Pale mezani, mbele ya Baba Paroko, kuna karatasi moja na kalamu. Imeandikwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mimi Genoveva Margwe nilimtilia shaka mdogo wangu bila sababu, nalijutia, na chini yake nimeshaweka sahihi leo asubuhi, mama akishuhudia kwa dole gumba, maana masikio yake siku hizi ni mazito, nilimpigia kelele sikioni mpaka akaelewa kila kitu. La pili linasema hivi, mimi Mkuu wa Sekondari ya Gidamweri nathibitisha kwamba Desemba 2022 nilimruhusu Mwalimu Bonaventura Margwe kuhamisha viungo vya kompyuta za shule, kwamba alinikabidhi orodha na mpango wake, na kwamba hakuna kilichoibwa. Hapo chini pako wazi. Sikuandika neno lolote la kukutukana, mwalimu, unaweza kulisoma kabla.

Vijana wa kubeba, kaeni kwanza, jeneza haliinuliwi. Ule mstari wa mwisho, wa kumtakia marehemu apumzike, nimeuandika, uko hapa kwenye ukurasa huu, lakini sitausoma juu ya mtu ambaye bado anaitwa mwizi, nitausoma sahihi ikishawekwa, kwa sauti, mpaka mama asikie. Mawingu hayapo, chakula kipo, watu wa Tlawi hatuna pa kwenda.

Mwalimu Renatus, karibu mezani.